Ndoo Zilizotoka Shambani kwa Mama Nyangeta

Kwenye geti la uwanja wetu wa Kiabakari kuna kibao cha rangi nyekundu: mjamzito haruhusiwi kuingia. Maandishi yale ni yangu. Kaka Magesa alinipa brashi kwa sababu mwandiko wangu ni wa polepole lakini unasomeka. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale niliwasomea kibao hicho wageni wasiojua kusoma, na wale wanaojua lakini wanaojifanya hawajakiona. Mwaka huu imekuwa zamu yangu kusomewa.

Ndivyo nilivyostaafu. Wenzangu wananiita mstaafu huku wakicheka, maana sina hata unywele mmoja mweupe. Kaka Magesa alisema uwanja mwingine unafunguliwa ng'ambo ya barabara, vijana wapya wataanza kazi, kwa hiyo niwaandikie niliyoyaona. Nilimwambia mimi ni wa darasa la saba. Akasema, “Afadhali. Ukiandika wewe wataelewa.”

Basi ninyi mnaokuja, someni.

Nilizaliwa Suguti, karibu na ziwa, nikaja Kiabakari kukaa na mama mdogo. Nilikuwa mtu wa kujificha. Mgeni akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Mama mdogo aliposikia wanatafutwa watu wa kumwagilia maji, alinipeleka mwenyewe, akanisukuma mbele ya geti na kusema, “Huyu haongeagi, lakini akishika kazi haachii.” Kisha akaondoka upesi, kabla sijapata nafasi ya kumfuata.

Kumwagilia nilikokujua mimi ni kwa nyanya na mchicha. Nilichungulia ndani nikaona ardhi tupu ya kijivu, haina hata jani. Nikadhani wamechelewa kupanda.

Aliyenipokea ni Kaka Magesa, fundi sanifu wa maabara, mtu mrefu anayetembea ameinama kana kwamba ameangusha sindano. Kila siku alikuja kwa pikipiki kutoka Musoma mjini. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza, “Unajua kugandisha maziwa?”

“Ndiyo.”

“Unafanyaje?”

Nilimweleza nikiyaangalia mabuti yake. Nilisema kibuyu hakiachwi kitupu. Unabakiza mgando kidogo wa jana, unamimina maziwa mapya juu yake, unaacha. Kukicha yote yameganda.

“Nani ameyagandisha?”

“Ule wa jana.”

“Basi kazi unaijua,” alisema. “Ndani ya ule mgando wa jana kuna bakteria. Huwaoni, lakini wanafanya kazi na wanaongezeka. Sisi hapa tunao wa udongo. Wale wanashughulika na maziwa, hawa wanashughulika na zebaki.”

Nilielewa papo hapo, na nadhani siku ile ndiyo niliyoipenda kazi. Lakini ukumbukeni mfano huo wa mgando. Ndio uliokuja kututia matatani.

Uwanja ule ni shamba la Mama Nyangeta. Ni mjane, na nyumba yake ipo pale pale, mlango wa jikoni umeelekea uwanjani. Zamani alilima mihogo na ulezi. Kisha marehemu mume wake akawakodisha watu wa dhahabu, wakaleta karasha la kusagia mawe na kuweka mialo, ile mibao ya kuoshea unga wa mawe. Ili dhahabu ishikamane walitia zebaki, na zebaki iliyoponyoka ilikwenda na maji machafu hadi kwenye udongo. Mawe yenye dhahabu yalipokwisha, watu walihama na mashine zao. Zebaki haikuhama. Mama Nyangeta aliacha kulima, na kuku aliwafungia upande wa pili wa nyumba ili wasiparue pale.

Mradi ulipokuja kuomba shamba la kufanyia majaribio, yeye alikubali kwa sharti moja, na alikuwa akilirudia kila anapotuona tumesimama bila kazi.

“Shamba chukueni. Ila nataka nilime tena nikiwa bado na nguvu za kushika jembe. Mkija kunizungushia waya na picha ya fuvu, nikae jikoni naliangalia shamba langu kama maiti isiyozikwa, hapo mtakuwa hamjanisaidia kitu.”

Kila tulichofanya pale kilikuwa na swali hilo moja nyuma yake: je, Mama Nyangeta atalima?

Sasa kazi yenyewe. Udongo ulichimbwa hadi kina cha goti, ukatandazwa kwenye vitanda virefu juu ya nailoni nene ili usivuje chini. Bakteria tunaowatumia walitolewa kwenye udongo huo huo. Wengi wa wenzao waliuawa na sumu, hawa wakaizoea. Maabara iliwachagua na kuwazalisha, wakaletwa kwenye maboksi ya barafu kama chanjo. Sisi tuliwakuza kwenye mapipa kwa maji na molasi, kisha tukawamwagia vitandani kwa keni. Ni wafanyakazi wazuri. Hawaombi likizo, ila wakikosa chakula au hewa wanagoma bila kutoa taarifa.

Hawaimalizi zebaki duniani. Mtu akiwaambia wanaimaliza, anawadanganya. Wanaichukua ile iliyojishika kwenye udongo na kuigeuza kuwa mvuke. Mvuke nao ni sumu ukiuvuta, ndiyo maana vitanda vinafunikwa, na feni ndogo ya sola inauvuta kwa bomba hadi kwenye sanduku lenye mkaa maalumu wa salfa. Mkaa unaunasa. Ukishiba, unafungwa ndani ya pipa na kuchukuliwa. Bakteria wanaigeuza, sisi tunaikamata. Feni ikisimama, hata kama ni saa ya kula, mnaacha kula.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote ni kipimo cha mvuke. Kinafanana na redio yenye mrija, nasi tulikiita Pua. Unapitisha mrija juu ya nailoni, Pua inakuonyesha kama kuna mahali panavuja. Cha pili ni mkono wako, ndani ya glovu. Chukua udongo, ukamue. Ukishikamana bila kudondosha maji, ni sawa. Ukimeguka kama unga, uongezee maji. Ukitiririka, kimbia ukatafute sepetu.

Hilo la kukimbia nililiona masika ya kwanza. Mvua ilibomoa ukingo, kitanda cha mwisho kikazama. Mimi niliona ni maji tu, yatakauka. Kaka Magesa alinusa hewa, akakuta harufu ya yai viza, akavua saa yake na kuitia mfukoni. Alinieleza huku tunachimba mifereji. Udongo ukizama maji na kukosa hewa, bakteria wetu wanalala na wanaamka wengine, ambao wanaigeuza zebaki kuwa kitu kibaya zaidi, kile kinachoingia kwenye samaki na kumpata anayekula samaki. Mimi wa Suguti nikawawaza sato na furu wa kwetu. Sijawahi kuchimba mfereji kwa kasi ile, hata shambani kwetu.

Kitu kingine kilichokuwa kigumu mwanzoni ni uji. Mama Nyangeta alituletea uji kila asubuhi, na kanuni inasema hakuna kula wala kunywa uwanjani. Siku ya kwanza Kaka Magesa alikataa kwa adabu. Siku ya pili akakataa tena. Siku ya tatu Mama Nyangeta alisimama getini na sufuria yake na kusema, “Mnakaa kwangu, mnachimba kwangu, halafu chakula changu mnakiogopa. Niambieni tu kama mimi ni mchawi.”

Kaka Magesa aliweka chini reki. Tangu siku ile tulivua mabuti na nguo za kazi, tukanawa hadi viwiko kwa sabuni, tukazunguka nyumba kwenda upande wa kuku. Uji tulinyweshwa huko, na hatukuruhusiwa kubakiza. Mama Nyangeta alikuwa mtu wa kutoa. Moto, chumvi, mbegu, mgando, kwake mtu hakuondoka mikono mitupu. Nalisema hili kwa sababu lililofuata lilianzia hapo.

Vipimo vilianza kushuka. Habari zikaenea, na watu wakaomba waelezwe. Kaka Magesa aliitisha mkutano pale barabarani na kuwaeleza kama alivyonieleza mimi: mgando, kibuyu, ule wa jana. Watu walifurahi mno. Mzee mmoja alisema hiyo ndiyo sayansi ya kwanza aliyoielewa bila kusinzia. Tulirudi uwanjani tumevimba vichwa.

Jumatatu iliyofuata nilikuta nailoni ya kitanda cha pili imefungwa vizuri kuliko tulivyoifunga sisi. Nikaifungua. Pembeni palikuwa na shimo la kuingia mtu akiwa amechuchumaa. Nilimwita Kaka Magesa, na kabla hajasema kitu Mama Nyangeta akatokea mlango wa jikoni, anajifuta mikono.

“Mnatafuta udongo? Niliwapa watu jana, mlipokuwa mmepumzika.”

“Ulimpa nani, mama?”

“Si jirani zangu! Wamekuja na ndoo zao kuomba chachu. Wote hapa walikuwaga na karasha au wanakaa karibu na karasha. Kila mmoja amechukua kidogo akamwagie kwake, iongezeke. Nimewapimia vizuri, sikumpendelea mtu.”

Alisema hivyo kwa uso wa mtu aliyefanya jambo jema. Kaka Magesa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akasema taratibu, “Mama, chachu ya mgando ni maziwa yaliyokwisha kuwa mazuri. Huu udongo bado haujawa mzuri. Wamebeba bakteria, na wamebeba na zebaki yake. Na huko hakuna nailoni wala feni wala mkaa.”

“Lakini ulisema wanaongezeka.”

“Nilisema.”

“Ulisema kama mgando.”

“Nilisema, mama. Hilo ni langu.”

Mama Nyangeta aliliangalia lile shimo. Sikuwahi kuiona mikono yake ikiwa haina la kufanya. “Wengine wana watoto wadogo,” alisema.

Kaka Magesa alimpigia simu Dokta, mtafiti wa chuo aliyekuwa mkuu wa mradi. Dokta hakufoka, na ingekuwa nafuu angefoka. Alisema anakuja mwisho wa wiki. Akikuta udongo umetawanyika kwenye bustani za watu, hawezi kuendelea na majaribio katikati ya makazi. Uwanja utafunikwa kwa zege, utazungushiwa waya, basi. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu. Mama Nyangeta alisikia kila neno.

Kaka Magesa alivaa barakoa na kofia ya pikipiki. “Naenda kuwaomba waurudishe.”

“Wewe?” alisema Mama Nyangeta. “Uingie kwenye miji ya watu na hiyo barakoa? Wataumwaga mtoni kabla hujashuka kwenye pikipiki.”

“Basi twende wote.”

“Siwezi. Kitu nimekitoa kwa mkono wangu, nikirudie? Nitaitwaje?” Kisha, kama anayejisemea, akasema, “Labda chachu iwe imeharibika. Nikikupa chachu ikaharibu maziwa yako, mimi ndiye ninayetakiwa kukuletea nyingine. Hapo hakuna aibu. Hapo aibu ni kutokuja.”

Akaingia ndani. Alitoka na kibuyu kikubwa cha mgando, ule aliokuwa ameuweka kwa ajili ya wageni. Akaniangalia mimi.

“Mimi nitabeba kibuyu. Wewe utasema.”

“Mimi?”

“Mimi najua kutoa. Hayo mambo ya zebaki unayajua wewe.”

Mnaonisoma, kama mna haya kama mimi, jueni kwamba niliwaza kutoroka. Nilivaa mabuti tu kwa sababu yeye alikuwa ameshatangulia.

Nyumba ya kwanza nilisema maneno yangu nikiliangalia jiwe. Mama Nyangeta alikamilisha salamu, nami nikasema, “Shikamoo mama. Chachu uliyopewa haijaiva, bado ina sumu. Tumekuja kuibadilisha.” Yule mama alicheka, akatuletea ndoo yake haijaguswa, akapokea mgando kwenye bakuli. Nikaona kumbe inawezekana. Nyumba ya pili nililiangalia dirisha. Ya tatu nilimwangalia mtu. Kaka Magesa alitusubiri njiani na mkokoteni uliotandikwa nailoni, akipokea udongo kila tulipotoka. Kibuyu kilipungua, mkokoteni ukajaa.

Kwa Mama Wambura ndipo tulipokwama. Mama Wambura anauza chai na maandazi barabarani, na mdomo wake unajulikana hadi Butiama.

“Ahaa!” alisema hata kabla hatujakaa. “Mmeona dawa inafanya kazi, sasa mnaifuata. Nyangeta, wewe wa kuwa hivi? Na haka kasichana ka ziwani nako, jana hakakujua hata kusalimia, leo kananifundisha udongo. Si ungebaki huko na furu wako?”

“Shikamoo mama,” nilisema.

“Marahaba. Udongo sina.”

“Uko wapi, mama?”

“Nimeshakandikia.”

Alikuwa ameuchanganya na samadi na kusiriba sakafu ya jiko, kuzunguka mafiga. Alitaka jiko lisafishike, kwa sababu mkwewe alikuwa ametoka kujifungua na alikuwa akiota moto pale na mtoto. Tulipofika walikuwa wamekaa humo ndani. Nilimwona mtoto, amefunikwa khanga, miguu yake midogo imeelekezwa motoni.

Nilisahau haya zangu. Sijui zilikwenda wapi. “Mama, zebaki ikipata moto inapanda hewani, na haina harufu,” nilisema. “Mtoto anaivuta. Naomba atoke kwanza, ndipo unitukane.”

“Kanasema nini haka?”

“Anasema mtoto atoke,” alisema Mama Nyangeta. “Mimi ndiye nilikupa, Mama Wambura. Mtoe mtoto, nakuomba.”

Mkwe alikuwa ameshasimama. Alitoka na mtoto bila kusubiri wakubwa wamalize. Nilimkimbilia Kaka Magesa nikaichukua Pua. Niliiwasha nje, penye upepo, nikamwonyesha Mama Wambura kwamba inasoma kidogo sana. Kisha nikaingia jikoni nikainamisha mrija karibu na mafiga. Namba ilianza kupanda. Ilipanda huku tukiiangalia wote, ikaendelea kupanda. Nilitoka nje nayo, ikashuka. Nikarudi, ikapanda.

Mama Wambura alimwaga maji kwenye moto, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe.

“Tuachie sisi, mama, tuna glovu,” alisema Kaka Magesa.

“Jiko langu. Nani atanifundisha kulibomoa?”

“Basi vaa barakoa.”

Alivaa. Alichimba hadi kwenye ardhi ya asili, anatoa mabonge, mimi nayapokea. Katikati ya kazi akasimama akauliza, barakoa ikimziba, “Na huo mgando wenu umebaki, au mmeumaliza kwa wengine?”

Ulikuwa umebaki. Kazi ilipokwisha alinawa kwa sabuni, akanywa bakuli zima amekaa chini ya ukuta, kisha akafuatana nasi nyumba zilizobaki. Kusema kweli, kuanzia hapo mimi sikuwa na kazi ya kuongea. Tukifika tu, yeye anatangulia: “Toeni huo udongo haraka, mmeona mlichokaribia kumfanyia mjukuu wangu?” Hakuna aliyebisha. Ndoo moja tu haikupatikana. Mwenyewe alikuwa ameumwaga udongo chooni ili apunguze harufu. Dokta alisema baadaye kwamba ile ibaki pale ilipo, na choo kikijaa kisinyonywe wala kuchimbuliwa. Mwenye choo alitaka kujua kama harufu itapungua. Hakupata jibu la kisayansi.

Mtoto alipelekwa Musoma pamoja na mama yake, wakapimwa. Majibu yalipokuja, daktari alisema hakuna lililowapata, walitoka mapema. Mama Wambura alikuja kunieleza mwenyewe uwanjani. Hakusema asante. Alisema, “We mtoto wa ziwani, kesho pita unywe chai,” nami nikapita.

Mwisho wa wiki Dokta alikuja. Alizunguka bustani zote na Pua na mifuko yake ya sampuli, nasi tukimfuata. Udongo tuliorudisha ulikuwa na samadi, maganda ya mihogo na manyoya ya kuku, kwa hiyo tuliutengenezea kitanda chake peke yake. Dokta aliuangalia sana. Kisha alimuuliza Mama Nyangeta imekuwaje watu wakakubali kuurudisha, upesi hivyo.

“Niliwabadilishia,” alisema Mama Nyangeta.

Dokta hakuelewa, lakini zege halikuja.

Kuanzia hapo Kaka Magesa aliacha mfano wa mgando. Kwenye mkutano wa pili alisema udongo ni mgonjwa, yuko wodini, na mgonjwa haazimwi. Huo nao ulieleweka, labda kupita kiasi. Watu wakawa wanapita getini wanauliza, “Mgonjwa ameamkaje?” Mama mmoja alileta ndizi. Mama Nyangeta hakukosa hata siku moja kuuliza, na mimi niliyekuwa sijui kuongea ndiye niliyekuwa namjibu: leo ametulia, leo ana kiu, leo tumembadilisha upande.

Ninyi mnaoanza, tafuteni mfano wenu, lakini kabla hamjausema, fikirieni mtu mwema atafanya nini nao akishafika nyumbani. Mtu mwema ndiye atakayeutumia.

Siku ya majibu ya mwisho tulikaa upande wa kuku. Dokta alieleza kwamba sumu imeshuka sana, udongo unaweza kurudishwa chini na kulimwa. Ila si chakula. Mihogo inakaa ndani ya udongo, hawezi kuithibitisha. Mchicha pia hapana. Kitu kisicholiwa, ndiyo, na kila msimu kitapimwa.

Tulimwangalia Mama Nyangeta. Alikuwa ameingoja mihogo yake muda wote ule. Aliokota unyasi, akauvunja, akauvunja tena.

“Pamba inaliwa?”

“Pamba hailiwi, mama.”

“Na waya wenu hamleti?”

“Hatuleti.”

“Basi nitalima pamba,” alisema, akainuka. “Mzee wangu aliilima Bunda kabla ya kuja kuharibiwa akili na dhahabu.”

Alilima. Nilikuwa napita asubuhi nikiwa njiani kwenda kitanda cha udongo ule uliorudishwa, ambacho bado kinaendelea, namkuta ameinama kwenye mistari yake. Pamba ilipopasuka ilikuwa nyeupe mahali ambapo mimi nilikuwa nimepajua pakiwa pa kijivu, na siku ile hakuna aliyefanya kazi ya maana hadi mchana.

Kustaafu kwangu hakukuwa na sherehe. Nilikuwa sijamwambia mtu, ila mume wangu. Nilijua kanuni, na nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Kaka Magesa, ambaye ni kama kaka yangu na ndiyo maana ilikuwa ngumu. Asubuhi ile nilikuwa nimeshika geti. Mama Nyangeta alinitazama kutoka mlango wa jikoni, akaacha ungo wake, akaja hadi kwangu.

“Magesa!” aliita. “Huyu leo haingii.”

“Kwa nini?”

“Soma kibao chako.”

Kaka Magesa alikisoma kibao, akanitazama, akainama kutafuta ile sindano yake. Nilipoangalia vizuri nikaona anatabasamu. Aliniletea viatu vyangu vya akiba vilivyokuwa ndani hadi getini, na siku iliyofuata akanipeleka Musoma kupimwa. Vipimo ni vizuri. Namshukuru kwa hilo, na kwa kila aliponikumbusha barakoa nikakasirika.

Sasa tunahamia Bunda, mume wangu amepata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Jana nilikwenda kuaga. Niliishia getini kama kibao kinavyotaka, nao wakanijia. Mama Wambura alileta maandazi yaliyoungua kidogo, akasema ndiyo yenye ladha. Mama Nyangeta alikuja mwisho, amebeba kitu kwenye khanga. Kilikuwa ni mto mdogo, wa kulalia mtoto, umeshonwa kwa mkono na kujazwa pamba hadi umekuwa mgumu.

Niliupokea kwa mikono miwili. Nilijua pamba ile ilikotoka. Nadhani nilichelewa kusema asante, macho yangu yakatangulia kuuangalia mshono.

“Usiniangalie hivyo,” alisema Mama Nyangeta. “Imeshapimwa. Nilimpa Magesa kwanza.”